Saa Mbili ya Bangkok

Ugenini usiulize saa, uliza jua. Nimewasikia mkicheka, eti jua lina kinywa gani hata liulizwe? Chekeni, lakini mkimaliza nisikilizeni, maana wanaoitumia methali hii hapa Chumbageni, Tanga, ni wengi, na wanaojua ilikotoka tumebaki wachache. Ilianza hivi.

Alikuwako fundi cherehani akiitwa Shekue, mtu mpole ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Korogwe. Dada yake, Mwanjaa, aliolewa na baharia wa Thailand, jina lake Prasit, akaondoka naye bila idhini ya mama. Mama akaapa kuwa hana radhi naye. Miaka ikapita, mama akaugua, na siku ya kufa akamshika Shekue mkono.

"Mwambie Mwanjaa nimemridhia. Umwambie kwa kinywa chako, mwanangu. Radhi haitumwi kwa posta."

Shekue akauza minazi yake, akakata tiketi ya ndege. Mjomba wake, Mzee Sempombe, aliyewahi kufanya kazi melini, alimpa wosia mmoja tu: "Saa za wenzetu si saa zetu. Wakikutajia mbili, wewe ongeza sita, ujue ni nane."

Siku aliyofika Bangkok ndiyo siku Mwanjaa na mumewe walikuwa wakihamia visiwa vya kusini, wala hawakujua wangekaa kisiwa kipi. Treni yao ingesimama kidogo tu mjini, na Prasit angepiga simu kwenye nyumba ya wageni waliyopatana kwa barua, kutaja saa yenyewe. Simu za mkononi wakati ule hazikuwapo.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Shekue ilikuwa ulimi. Maandishi ya madukani aliyaona kama uzi uliojisokota chini ya cherehani. Aliomba chai, akaletewa ya barafu. Aliulizia stesheni, akashikwa mkono kwa heshima zote na kufikishwa soko la samaki. Alipochekewa alicheka, alipoinamiwa aliinama, na moyoni hakuelewa hata kimoja.

Adhuhuri simu ililia naye yuko bafuni. Mwenye nyumba, Bi Malai, mama wa makamo, akaipokea. Shekue alipotoka akaonyeshwa vidole viwili, kisha yule mama akalaza shavu kiganjani kama mtu aliyesinzia.

"Song thum," akasema.

Mbili, usiku. Shekue akaongeza sita. Saa nane za usiku! Aliona ajabu treni kupita wakati wachawi wanapotembea, lakini siku nzima hakuwa ameona jambo lisilo ajabu. Akashukuru. Magharibi akaswali, akajinyoosha kitandani, roho yake imetulia.

Bi Malai alipompitia na kumkuta amelala, alipiga yowe. "Song thum! Song thum!"

"Ndiyo, mama, mbili," Shekue akamjibu kwa Kiswahili, akipiga miayo. "Kwetu ni nane. Bado sana."

Yule mama akashika kichwa. Kisha akanyoosha kiganja, akakiteremsha polepole mpaka sakafuni, kama jua linavyotua. Akainua kidole kimoja. Akainua cha pili.

"Lahaula!" Shekue akaruka. "Mama, mnahesabu kama sisi?"

Bajaji iliwafikisha stesheni treni ikiwa imeshaanza kutembea. Shekue alikimbia pembeni yake akiita, mpaka akamwona Mwanjaa dirishani, amenyoosha mkono.

"Mwanjaa! Mama amekuridhia! Amekuridhia!"

Papo hapo honi nayo ikalia. Treni ikaenda zake. Shekue alirudi Tanga akisema ujumbe umefika, ila hakuelewa kwa nini dada yake hakuandika tena hata barua moja.

Miaka mingi baadaye Mwanjaa alirudi akiwa mjane, nywele zimeingia mvi. Alikaa mkekani, akanywa maji, ndipo akauliza kwa sauti ndogo:

"Kaka, ile laana ya mama uliyonipigia makelele pale stesheni, ilikuwa na maneno gani?"

"Laana?" Shekue akamsogelea. "Nilikuambia amekuridhia."

"Honi ilikumeza. Niliona uso tu, umekunjamana, na mkono unatikisika. Nikasema basi, hata kufa mama amekufa ana kinyongo nami. Ningekuandikia nini?"

Wakalia wote wawili. Baadaye Mwanjaa akamuuliza kwa nini alichelewa.

"Niliambiwa mbili, nikaongeza sita."

"Yarabi! Mimi ndiye niliyemwambia Prasit aitaje saa kwa hesabu ya kizamani ya kule, kwa kuwa wao huhesabu tangu jua linapotua, kama sisi. Nilitaka walau kitu kimoja kisikutatize, kaka yangu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyefunga mzigo nyumbani kwa Shekue bila kushikwa mkono mlangoni, akaambiwa: ugenini usiulize saa, uliza jua.