Samli ya Mzee Ngailo

Bunduki ya samli hulia mara moja. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia kaka yenu maneno hayo, kwa vile kila siku anaiosha pikipiki yake mpaka unajiona sura, lakini oili hajabadilisha tangu Pasaka. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza samli na bunduki zilikutana wapi. Kaeni basi. Usemi huu ulizaliwa huko juu Ukangamwe, kijiji cha baridi ambako mwezi wa saba hata jogoo huwika akiwa na mafua.

Alikuwako mzee mmoja, Ngailo, aliyeagiza bunduki kutoka Ucheki. Kibali cha polisi kilichukua mwaka mzima, na bunduki yenyewe ikachukua miezi mingine minane kufika. Halikuwa gobore la kushindilia baruti. Hii ilijipakia yenyewe: unavuta triga, risasi inatoka, ganda linaruka pembeni, na risasi ya pili inapanda mahali pake kabla hujapepesa macho. Ngailo aliijaribu bondeni, mchana wa jua, mbele ya ofisa wa polisi, ikalia mara tano mfululizo. Akarudi nyumbani akitembea kama bwana harusi.

Sasa likamsumbua swali moja: mgeni huyu anakula nini? Ndani ya boksi mlikuwa na kichupa cha mafuta mepesi kama maji, na karatasi yenye maandishi asiyoyaelewa. Ngailo akayanusa yale mafuta, akayasugua kati ya vidole. Mafuta gani haya yasiyo na uzito? Akampa mkewe, Ezelina, ayatilie kwenye cherehani. Babu yake mwenyewe alilipaka gobore lake samli miaka arobaini, na halikuwahi kumwaibisha. Basi kila Jumapili baada ya ibada Ngailo alifungua sanduku lake la kufuli, akaitoa bunduki, akaipaka samli ya Ezelina, ile yenye chumvi, ndani na nje, kila tundu, mpaka inang'aa kama kitumbua.

Ukaja mwezi wa saba. Mbogo dume mzee, aliyefukuzwa na kundi lake, akahamia kwenye chemchemi ya kijiji. Kwa siku nne hakuna aliyechota maji. Mama mmoja alijaribu, akarudi na mkono uliovunjika na ndoo iliyobapa kama sahani. Watu wakawa wanakunywa maji ya bwawa la ng'ombe, watoto wakaanza kuharisha. Macho yote yakamgeukia Ngailo.

"Kesho asubuhi mtachota," akawaambia.

Kulipopambazuka nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi. Ngailo akateremka na shemeji yake, Chaula, kaka wa Ezelina, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Wanakijiji wakabaki kilimani na ndoo zao.

Mbogo alikuwa palepale. Ngailo akalenga, akavuta. Pa! Risasi ikamchana sikio. Mbogo akainua kichwa. Ngailo akavuta tena. Kimya.

"Piga, shemeji!"

"Si napiga!"

"Mbona haisemi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi naishi humo ndani?"

Mazungumzo yakaishia hapo, maana mbogo alikuwa anakuja. Namna wazee wawili wale walivyofika juu ya mti, hakuna aliyeona, hata wao wenyewe. Bunduki ilibaki chini. Mbogo akaifikia, akainusa. Akatoa ulimi. Kumbe chumvi! Akalamba kitako, akalamba mtutu, akaigeuza kwa pua akalamba na upande wa pili, taratibu, macho ameyafumba. Mnaguna? Mti bado upo, kauulizeni.

"Shemeji," Chaula akanong'ona, "umeleta bunduki au umeleta mboga?"

Ngailo hakucheka. Alikuwa anazitazama zile ndoo kilimani, zikianza kugeuka kurudi nyumbani, tupu.

Mbogo aliposhiba chumvi akarudi chemchemini, wazee wakashuka na kuiokota bunduki; kesho yake akaja askari wa wanyamapori. Akaifungua bunduki mezani kwa Ngailo, kipande kwa kipande. Ndani samli ilikuwa imeganda kama nta.

"Mzee, hii ulikuwa unaitunza au unaikaanga?"

"Nilikuwa naipenda," Ngailo akajibu.

Askari akamweleza: kila risasi ikitoka, moshi wa baruti ndio unaosukuma vyuma virudi nyuma vikachukue nyingine. Kwenye jua samli ni maji, vinateleza. Kwenye sakitu samli ni gundi, vinakwama njiani. Bunduki hii inataka kusafishwa, kukaushwa, na matone mawili ya mafuta mepesi. "Mafuta hayo ulikuwa nayo?" Kule chumbani cherehani ya Ezelina ilikuwa inakimbia bila sauti.

Mbogo hakuuawa. Ezelina ndiye aliyesema, "Mtu akipenda chumvi, mpe chumvi." Wakamwekea mawe ya chumvi msituni, ng'ambo ya pili ya mlima. Siku ya tatu akahamia huko.

Watu walipokuwa wanachota, mwenyekiti wa kijiji akamwita Ngailo mbele yao wote. "Mzee, tuambie kweli. Kuna wenzako wawili wanataka kuagiza kama yako. Hizi za Ucheki ni mbovu?"

Uongo ulikuwa umeshaiva, umebaki kuchumwa tu. Nani angejua? Chaula akafungua mdomo, akamtazama shemeji yake, akaufunga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Ngailo akavua kofia.

"Bunduki ni nzima," akasema. "Mbovu ni mimi. Niliipa ninachokipenda, sikuiuliza inachokitaka." Akakohoa. "Agizeni tu. Ila ile karatasi yake mtafuteni mtu awasomee, maana bunduki ya samli hulia mara moja."