Pimbi Alivyokwenda Kushtaki Neno

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmekuja kuchukua watoto, kaeni chini. Hii ni yenu kuliko yao.

Hapo zamani za kale, kwale na kanga walikuwa hawalalii mayai yao wenyewe. Wanataga kwenye jabali, wanashuka zao kuparura chakula. Mayai wanamwachia Bi Pimbi.

Bi Pimbi alikuwa na tumbo la moto. Analala juu ya mayai, kimyaaa. Analala, analala, mara ndani kunagonga: ko, ko, ko. Kifaranga huyo! Hiyo ndiyo kazi yake, na nyingine hakuwa nayo. Mayai hali. Yeye ni mla majani, mama yake mla majani, bibi yake mla majani. Yai hata ungempa asingejua aanzie upande gani.

Pale jabalini walikuwa watatu. Bi Pimbi analalia. Nungunungu anakaa mlangoni na miba yake, nyoka asipite. Panya Buku analeta nyasi kavu za kutandika. Na Panya Buku hakuipenda kazi ya nyasi. Nyasi zinawasha. Kila akiingia analitazama lile tumbo lililolala mahali pa joto, anasonya. Fyooo!

Siku moja mchana, wako wanakula. Yai moja la Mama Kwale lilikuwa limeoza, Bi Pimbi amelitoa akalitupa. Panya Buku akacheka. Kwi kwi kwi!

"Limeoza, au limenyweka? Mnamwona mpole huyu. Huyu anafyonza mayai."

Bi Pimbi akatema majani.

"Hebu rudia."

"Nirudie nini? Anafyonza mayai. Kwani kuna siri?"

Akafuta ndevu, akaenda zake.

Bi Pimbi akalia. Akaacha kulia, akasimama.

"Nakwenda kwa Mzee Kiboko. Nakwenda kumshtaki."

Nungunungu akamshika. "Shoga yangu, kaa. Aliyesikia ni mimi peke yangu. Na mimi nakujua."

"Leo umesikia wewe. Kesho atamwambia nani?"

"Atamwambia anayemwambia. Mdomo wa Panya nani haujui? Kunywa maji."

"Nikinyamaza atasema nimekubali."

"Na ukisema?"

"Nikisema nitasafishwa! Jina langu ndilo kazi yangu, Nungunungu. Nani atamwachia mayai mfyonza mayai?"

Nungunungu akamwachia mkono. Kweli, ungejibu nini hapo? Haya, nyamazeni basi, hata nyinyi jibu hamna.

Bi Pimbi akashuka, pata pata pata, mpaka bwawani. Mzee Kiboko ndiye hakimu. Alikuwa ndani ya maji, pua tu nje. Puuuf!

"Kesi ya nini?"

"Ya maneno, mzee. Nimechafuliwa kazini."

"Kesi ya maneno ina desturi yake. Maneno yenyewe lazima yatangazwe kwanza, kila kisima na kila kichaka, ili mwenye ushahidi ajitokeze. Sitaki mtu aje kusema hakujua. Nenda kwa Hondohondo, mpiga mbiu."

Bi Pimbi akaenda. Hondohondo alikuwa juu ya mti wa kisimani, akainamisha lile domo lake.

"Maneno ni yapi?"

Bi Pimbi akanong'ona.

"Sikusikii, mama."

Akanong'ona tena.

"Mama, mimi natangaza, sibuni. Nikikosea kesi inavunjika. Sema kwa sauti."

Bi Pimbi akafumba macho. Akapaza sauti:

"Pimbi anafyonza mayai!"

Pale kisimani walikuwepo tumbili wanakunywa. Wakaacha kunywa.

Basi Hondohondo akaruka. Vuu, vuu, vuu! Anatua mti huu, anatua mti ule.

"Hoo! Hoo! Wa juu sikieni, wa chini sikieni! Bi Pimbi anashtaki! Anashtaki amesemwa! Amesemwa nini? Amesemwa anafyonza mayai! Mwenye kujua lolote aje!"

Asubuhi anatangaza. Jioni anatangaza. Wapi hakufika? Swala wa bondeni hajawahi hata kuliona jabali, naye akasikia. Fisi akasikia, akaomba yarudiwe. Watoto wa tumbili wakayafanya mchezo, mmoja yai, mmoja Pimbi, wanafukuzana.

Siku ya kesi bwawani kukajaa watu. Wamekuja na chakula chao.

"Panya Buku," akasema Mzee Kiboko, "ulisema?"

"Nilisema, bwana hakimu, lakini kwa utani. Huyu ni mtani wangu."

"Tangu lini panya na pimbi wakawa watani?"

"Tangu siku hiyo, bwana hakimu."

Watu wakacheka. Kwa kwa kwa! Wakampenda papo hapo. Mtu akiwachekesha wenzake tayari ana nusu ya kesi.

"Ulimwona akifyonza?"

"Sikumwona."

"Bi Pimbi, fungua kinywa."

Bi Pimbi akafungua. Mzee Kiboko akachungulia. "Mimi naona majani," akasema.

Lakini watu waliona meno. Hamjui Pimbi ana meno mawili marefu mbele? Na wao hawakujua. "Lo!" wakasema. "Kumbe anayo!"

Mzee Kiboko akahukumu. Pimbi ni mla majani. Hafyonzi mayai. Panya Buku amemsingizia, aombe radhi hadharani. Panya Buku akaomba radhi, kaweka mkono kifuani, kainama vizuri kama bwana harusi.

Bi Pimbi ameshinda! Pigeni vigelegele! Mbona hampigi?

Hukumu nayo ikatangazwa, kwa desturi ileile. "Hoo! Hoo! Bi Pimbi ameshinda! Waliosema anafyonza mayai wakome kusema anafyonza mayai!" Asubuhi na jioni, kila kisima, kila kichaka.

Bi Pimbi akarudi jabalini. Akamkuta Mama Kwale amekuja kuchungulia mayai yake. Zamani Mama Kwale alikuwa haji mchana.

"Hongera, mama. Nimesikia umeshinda."

"Ahsante, mwanangu."

Mama Kwale akatazama chini. "Safari hii nitataga kule kichakani. Usinielewe vibaya. Najua hukufanya. Ila nikiwa naparura, lile neno linanijia. Naparura, linanijia. Sishibi."

"Lakini nilishinda!"

"Ulishinda, mama. Nani kakataa?"

Akaondoka. Baada yake Mama Kanga. Baada yake wengine, mmoja mmoja, wote kwa heshima, wote na hongera zao. Waliobaki jabalini wakamwomba Panya Buku awatunzie mayai.

Nungunungu akafoka, miba imesimama. "Panya! Nyinyi mna akili? Panya na mayai?"

"Kosa la Panya lilikuwa la mdomo," wakasema. "Kesi ya mayai ilikuwa ya Pimbi."

Mkasikia? Ilikuwa ya Pimbi. Ilipewa jina lake.

Bi Pimbi akahamia jabali la pili, lisilo na mtu. Asubuhi akaamka, akajinyoosha, akatafuta cha kulalia, hakuna. Akalala juu ya jiwe. Kesho yake vilevile. Mpaka leo mkipita penye mawe makubwa mtamwona, tumbo chini, kimyaaa, analipasha jiwe joto. Anatega sikio ligonge. Haligongi.

Funzo lake ni hili. Ukilipeleka neno baya mbele ya watu, utalibeba kwa mdomo wako mwenyewe, na watu wanalikumbuka neno kuliko hukumu. Na usiniambie basi angenyamaza. Angenyamaza, Panya angesema kesho, na keshokutwa, mpaka mayai yakaondoka vilevile, polepole. Njia ya kutoka pale sikuiona. Mkiiona nyinyi, mkamwambie, yuko juu ya jiwe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Wachukueni watoto wenu mkalale.