Hodi Shambani kwa Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Hao ni watu au ni mbu? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Pakawa mlima, pakawa ukungu, pakawa ua jeupe na mdudu mwekundu. Mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, maana mimi nikianza sirudi nyuma, na ngano kama hii mkiitafuta kwa mwingine mtapewa makapi.

Hapo kale palikuwa na mji wa milimani, baridi yake kali hata majogoo wakiwika huku wamejifunika. Msicheke. Jogoo mmoja alinithibitishia.

Mji ule ulikuwa na ada mbili. Ada ya kwanza, bibi harusi hatoki kwao bila shada la mayungiyungi meupe yaliyopandwa na mama yake mzazi. Si ya kununua, si ya kuazima. Yasipochanua, harusi inangoja msimu mwingine. Ada ya pili, huingii mahali bila hodi. Nyumbani hodi, zizini hodi, hata kwenye shamba lako mwenyewe unasimama ukingoni, unaita hodi, ndipo unatia mguu. Wazee walisema mmea ukishtushwa hutupa ua lake. Na mwacha mila ni mtumwa.

Basi huko aliishi mjane mmoja, Bi Mize, na binti yake Zawena. Zawena alikuwa ameposwa na Mbaruku, mchonga vinu, na walivyopendana wale, hata mbuzi wa mtaani walijua. Bi Mize akapanda mayungiyungi. Alichagua matunguu ya kupandia, manono kama vitunguu vya karamu. Akatifua udongo mweusi, akatia samadi iliyooza vizuri, akayafukia chini sana, mizizi chini, ncha juu. Akayanywesha miguuni, hakuyamwagia kichwani. Yakaota, yakarefuka, yakatoa vichomozo vya maua.

Ndipo akaja Joho.

Joho alikuwa mbawakawa mwekundu kama pilipili iliyoiva, anang'aa kama aliyepakwa mafuta, na nyuma yake ukoo mzima. Walikula majani asubuhi, walikula majani mchana, walikula majani jioni. Na watoto wao, jamani, naona haya kusema, lakini nitasema: watoto wao walijipaka mavi yao wenyewe mgongoni, wakayavaa kama koti. Ndege akiwaona anageuza shingo.

Bi Mize akaja kuwaokota kwa mkono. Akasimama ukingoni, akaita, "Hodi!" Akaingia. Majani yametoboka, mdudu hayupo hata mmoja. Akatafuta, akachoka, akaenda zake. Nyuma yake sauti nyembamba ikaimba:

*Nimelala chali, tumbo langu jeusi,*
*Nimelala chali, udongo nao mweusi,*
*Nani atanijua?*

Siku ya pili akaja na majivu ya kunyunyiza. "Hodi!" Akaingia. Mdudu hayupo. Akanyunyiza hivyo hivyo, mvua ikanyesha, majivu yakaenda mtoni. Nyuma yake tena:

*Nimelala chali, tumbo langu jeusi,*
*Nimelala chali, udongo nao mweusi,*
*Nani atanijua?*

Mchana ule akafika Bi Somoe, shangazi yake Mbaruku, mwanamke ambaye hata kimya chake kilikuwa na maneno. Akaletewa chai, hakuinywa. Akataka aonyeshwe shamba. Akapiga hodi yake, akaingia, akalishika jani moja, akalinyanyua juani, akachungulia.

"Mwenzangu, haya ni mayungiyungi au machujio?"

Bi Mize akasema maua yatakuwepo, inshallah.

"Ijumaa ndiyo siku tuliyokubaliana. Mimi Zawena nampenda, usidhani simpendi. Lakini sisi hatungoji msimu. Mwaka ni mrefu, na nyumba zenye mabinti ni nyingi."

Akaondoka. Zawena alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Hakulia. Alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Bi Mize alipoona vile, moyo ulimshuka kama ndoo iliyokatika kamba.

Siku ya tatu akaja na kuku. "Hodi!" Akaingia na kuku wake. Kuku wakawatazama wale watoto waliovaa mavi, wakatazamana, wakageuka. Badala yake wakaparura udongo, wakafukua tunguu zima. Bi Mize akawafukuza, akalirudisha tunguu lake. Akaketi palepale kati ya mashina, akajifunika kanga usoni. Hakupiga kelele, hakukohoa. Alikuwa anafikiria atamwambia nini mwanawe.

Joho akadhani mama kaenda. Sasa nyinyi mnajua, mtu mwenye majivuno hawezi kukaa na ushindi wake kimya. (Mbona mnanitazama mimi?) Akaimba:

*Nimelala chali, tumbo langu jeusi,*
*Nimelala chali, udongo nao mweusi,*
*Nani atanijua?*

Bi Mize akateremsha kanga jicho moja tu. Akaona bonge la udongo linapapasa hewa kwa miguu sita. Likajipindua, likawa jekundu. Jingine likajipindua. Jingine tena. Kumbe walikuwapo siku zote! Wakisikia hodi tu, wanajiangusha chini, wanalala chali, mgongo mwekundu unafichika, tumbo jeusi linabaki juu ya udongo mweusi. Hodi yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwaonya.

Mdomo huponza kichwa. Bi Mize alikuwa ameona ya kutosha. Aliinuka polepole, akarudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa shuka nyeupe aliyojitanda siku za eda ya mumewe.

Zawena akaishika pindo. "Mama, hiyo ni ya baba."

"Naye baba yako ana haki ya kushughulikia harusi ya binti yake. Lete mkasi."

Wakaikata vipande vya kutosha kutandika chini ya kila shina. Lakini ngojeni, kuna walionikunjia uso: ataingiaje kutandika bila hodi? Na akipiga hodi, si wataanguka kabla? Zawena naye aliuliza hivyo hivyo. Bi Mize akamjibu kwamba ada inasema upige hodi, haisemi upige kelele.

Kulipopambazuka, baridi imewagandisha mbawakawa juu ya majani, Bi Mize alisimama ukingoni, akaweka mkono mdomoni, akanong'ona, "Hodi." Hata inzi hakusikia. Wakaingia kwa vidole vya miguu, wakatandika, wakatoka. Wakangoja jua lipande kidogo.

Kisha Bi Mize akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Hodi!"

Pu! Pu! Pu! Ukoo mzima chini, chali, matumbo meusi juu ya shuka nyeupe, kama mbegu za papai kwenye sahani. Na Joho katikati, amefumba macho, anajiimbia kwa chini kwamba nani atamjua.

"Mimi nakujua," Bi Mize akasema.

Joho akafumbua macho. Akaona weupe kila upande. Akaanza kubembeleza: yeye ni mgeni tu, na mgeni ni baraka, bibi mkubwa asimvunjie heshima.

"Mgeni ni baraka, kweli. Lakini mgeni hupiga hodi. Mimi kwenye shamba langu mwenyewe nimepiga hodi kila siku. Wewe ulipiga lini?"

Bi Mize akakusanya pembe za shuka, akamkung'utia yeye na jamaa zake kwenye beseni la maji ya sabuni. Zawena akakamata kitambaa chenye maji, akafuta jani kwa jani, wale watoto na makoti yao, amebana pua, na kwa mara ya kwanza tangu shangazi aje, anacheka.

Majani mapya yakatoka. Vichomozo vikanenepa. Lakini Jumatano vimefumba, Alhamisi vimefumba. Ijumaa alfajiri Bi Mize akafika ukingoni, akamshika Zawena mkono, akamwambia aite hodi yeye. Zawena akamwitia. Na kabla hajamaliza neno, harufu ikawafikia kutoka mle ndani kwenye ukungu, tamu, nzito, kana kwamba ndiyo iliyoitika karibu. Bi Mize akaketi chini. Safari hii hakujifunika uso.

Bi Somoe alipokuja alinusa, akageuza ua hili, akageuza lile, mpaka akapata alichokitaka.

"Hili lina tundu."

"Hilo dirisha, mwenzangu. Chungulia, umwone mkwe wako."

Akachungulia. Zawena alikuwa upande wa pili, amevishwa shada. Bi Somoe akacheka hata ushungi ukamteleza, akaomba ile chai aliyoiacha siku ile.

Mpaka leo yule mbawakawa akisikia mtu huanguka chali, na mpaka leo kina mama wa mlimani hutandika kitambaa cheupe kwanza.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, nirudishieni, lakini mkija, pigeni hodi.

Na polepole, nisije nikaanguka chali.