Zimwi Lililopigwa Picha

Sogeeni, wanangu. Siku moja uani walikuwapo Mwanasiti, mdogo wake Kombo, na Zimwi lililotoka kichakani. Watoto walikuwa wakipigana picha kwa kamera za udongo. Zimwi likamnyakua Kombo ili limle.

“Ngoja kwanza nikupige picha!” Mwanasiti akasema, akiinua kamera yake.

“Mimi? Nani ataitazama sura hii?”

“Mimi. Funga mdomo.” Likafunga. “Kaa kitako.” Likakaa. “Mikono magotini, kama watu wa studio.” Likamweka Kombo chini.

Kacha!

Kombo akatimua mbio. Mwanasiti naye alitaka kukimbia, lakini Zimwi likauliza kwa aibu, “Nimetokaje?”

Akachungulia. Ajabu! Udongo ulikuwa umetoa picha kweli.

“Umependeza, babu. Una macho ya upole.”

Zimwi likaipokea kwa mikono miwili, likaondoka. Tangu siku ile linakula mihogo.