Sajini Pimbi na Makanali Wawili

Hapo zamani, wanangu, zamani za wanyama kuwa na majeshi na vyeo, vifaru na nyati wa nchi ya Mbugani walipigana miaka sita. Walipochoka kupigana, daraja lao la mtoni lilikuwa limeshavunjwa. Zahanati ikabaki upande wa nyati, mashamba ya mahindi yakabaki upande wa vifaru. Kwa vifaru wagonjwa walikufa wakiitazama zahanati. Kwa nyati watoto walilala na njaa wakiyatazama mahindi.

Wakakubaliana kila upande upeleke ofisa mmoja akajifunze ujenzi wa daraja Majabalini, nchi ya mbali iliyowahi kuungua kwa vita kama yao, na ambayo sasa madaraja yake yalikuwa yamesimama tena. Akaenda Kanali Kifaru. Akaenda Kanali Nyati.

Mwalimu wao alikuwa Sajini Pimbi, mama mwenye umbo dogo kuliko hata sungura, mwepesi wa miguu na wa maneno. Aliwakaribisha nyumbani kwake, akawatengea sinia moja la viazi. Nyati alimega kidogo akaenda kula mlangoni. Kifaru akasema ameshiba.

Baadaye Kifaru alimfuata Pimbi jikoni.

"Sajini," alinong'ona, ingawa mnong'ono wa kifaru husikika hadi kwa jirani, "nifundishe mimi peke yangu. Yule asijue."

"Kwa nini, afande?"

"Mwenye daraja ndiye mwenye nchi."

"Sawa, afande. Njoo asubuhi."

Pimbi hajamaliza kuosha sinia, Nyati naye huyo.

"Sajini, nina ombi. Nifundishe mimi tu. Yule mwenye pembe puani asijue."

"Sawa, afande. Njoo alasiri."

Basi kila asubuhi Pimbi alimfundisha Kifaru nguzo: kuchagua mawe, kuyazamisha, kuyapanga mkondoni yasitikisike. Kila alasiri alimfundisha Nyati kusuka kamba za mkonge na kufunga magogo.

"Magogo haya hukaa juu ya nini?" Nyati aliuliza siku moja.

"Juu ya kitu imara, afande. Hebu kaza hilo fundo."

Kifaru naye aliuliza, "Na watu hupita juu ya nini?"

"Juu ya kilichofungwa vizuri, afande. Leta jiwe jingine."

Mwezi ulipokwisha, kila mmoja aliaga kifua mbele, akiamini amebeba elimu yote.

Huko Mbugani, askari wa Kifaru walitumbukiza mawe mtoni, tubwi, tubwi, hadi nguzo saba zikasimama. Zilikuwa imara kweli, lakini zilikaa mbalimbali kama meno ya kizee, na hakuna aliyeweza kupita. Nyati, upande wa juu wa mto, alifunga magogo akayatandaza majini. Mto ukayabeba. Akafunga mengine, nayo yakaenda. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya.

Mara ya tatu magogo yaliteremka na maji, yakaenda gong'o, yakakwama juu ya nguzo mbili za Kifaru. Nyati alikuja mbio ukingoni.

"Usiguse. Hayo magogo ni yangu."

"Na nguzo hizo ni zangu," Kifaru alijibu kutoka ng'ambo.

Wakasimama wakitazama. Maji yalipita chini, magogo hayakutikisika.

"Sajini alikufundisha nini?" Kifaru aliuliza.

"Kamba na magogo. Wewe je?"

"Mawe tu."

Nyati akakaa chini. "Yule mama katufanya wajinga."

"Katufanya," alisema Kifaru. Kisha akauliza taratibu, "Hizo kamba zinafungwaje?"

Nyati aliinuka. Kaka yake alikuwa amekufa kwa pembe ya kifaru, na alikuwa ameapa asiwape vifaru hata maji. Akaziangalia zile nguzo, akaangalia mawingu.

"Leta askari wako hapo ukingoni," alisema mwishowe. "Nitawaonyesha."

Walifanya kazi siku kumi na moja, na daraja likaungana kabla mvua haijashuka. Wa kwanza kuvuka alikuwa kifaru mwenye homa, akishikwa mkono kupelekwa zahanati. Wa pili alikuwa nyati mjane, akirudi na gunia la mahindi.

Pimbi alialikwa aje aone. Makanali wakamsimamisha katikati ya daraja.

"Sajini, ulitudanganya."

"Ndiyo, afande. Kila mmoja wenu aliomba nimfundishe asichokijua mwenziwe. Nikafanya hivyohivyo."

"Kwa nini hukutuambia ukweli?"

"Msingeusikia. Kwetu mimi nilijua mawe, na aliyejua kamba alikuwa wa jeshi lililochoma nyumba ya mama yangu. Nilikaa miaka mitatu sisemi naye, na miaka mitatu hatukuwa na daraja. Hilo ndilo somo, maafande. Mengine ni mawe na kamba."

Haya wanangu, mmelipata funzo lake: waliogombana wasipofundishana, kila mmoja hubaki na nusu ya daraja.