Zimwi la Kilimani Lililouliza Maji Ni ya Nani

Nyinyi mlioketi hapo na simu mkononi, mmeshawahi kuona maji yakipanda mlima?

Msitafute kwenye mtandao. Nijibuni kwa mdomo.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kilima, pakawa barabara, pakawa zimwi. Chai ya kusikilizia mjiletee wenyewe, mimi sina kazi.

Basi, hapo kale, si kale sana maana lami ilikuwa imeshafika, palikuwa na kilima kiitwacho Kavonge. Barabara ilikipanda kama barabara yoyote. Lakini ukimwaga maji pale kwenye mwinuko, hayateremki. Yanapanda. Ukiacha gari bila gia, linapanda. Ukidondosha chungwa, linapanda, linayumbayumba kama mlevi anayetafuta kwao.

Wasomi walisema ni macho tu yanadanganyika. Wengine wakasema ni sumaku. Wanawake waliopita pale na mitungi mgongoni, kamba ya mukwa imewakaza kwenye paji la uso, walisema chini ya lami kuna zimwi limelala, mdomo wake uko kule juu, linavuta pumzi. Basi walipita kimya, wakaenda zao. Zimwi likalala, watu wakaishi.

Siku moja akapita mgeni mwenye kamera. Akamwaga chupa ya maji, akapiga picha, picha ikazunguka dunia. Kabla mahindi hayajakomaa, pale pana kibao, pana lango, pana kamati ya utalii. Mwenyekiti wa kamati alikuwa chifu mwenyewe, Chifu Kilungya, mtu wa tumbo na kipaza sauti.

Chifu akatangaza kwamba kila nyumba ilete mtungi wa maji kila asubuhi, yamwagwe barabarani, wageni wapige picha. Kijiji kina kisima kimoja, jamani. Watu wakauliza watoto wataoga nini. Wakaambiwa hayo ndiyo maendeleo, waache ushamba.

Basi wakamwaga, wakamwaga, wakamwaga. Zimwi likaamka.

Sauti ikatoka chini ya lami, nzito kama mashine ya kusaga mahindi. "Nina kiu. Maji haya ni ya nani?"

Chifu akashika kipaza sauti. "Ya kijiji."

Likanywa. Wageni wakapiga makofi. Walidhani kuna spika imefichwa kwenye majani.

Kesho yake likavuta maji na mitungi pia. "Nina kiu. Mitungi hii ni ya nani?"

"Ya kijiji."

Likameza. Siku ya pili yake alipita fahali wa Muthengi, akaanza kuteleza kurudi juu, kwato zinakwaruza lami. "Nina kiu. Fahali huyu ni wa nani?"

"Wa kijiji."

Likameza. Muthengi alikuwa sokoni. Aliporudi akaonyeshwa picha ya fahali wake akiingia ardhini. Picha safi, mwanga umekaa vizuri kabisa, laiki mpaka Ulaya.

Mara moja tu zimwi lilishindwa. Lilivuta mbuzi wa Kasiva, mjane mmoja mwenye mdomo kama wembe, na Kasiva alikuwa papo hapo. Zimwi lilipouliza, yeye hakumngoja chifu. Alisema, "Ni mbuzi wangu, mimi Kasiva, na sijampa mtu." Zimwi likakohoa, mbuzi akatoka, amelowa, amekasirika. Wageni walicheka. Chifu alimkemea Kasiva mbele ya watu kwa kuharibu kontenti.

Sasa katika kijiji hicho kulikuwa na msichana aitwaye Nthenya. Digrii anayo, ya jiografia, imewekwa ukutani juu ya kitanda. Kazi hana. Alikuwa akiishi na mama yake, Mbithe, na hawakuwa na mtu mwingine pale nyumbani. Siku moja Nthenya akaenda mjini kwenye intavyuu. Wakamwambia ana masomo lakini hana ekspiriensi, arudi akiwa nayo. Akarudi jioni na viatu mkononi.

Akakuta jiko baridi. Akamwita mama, kimya. Akaenda kisimani, hakuna mtu. Jirani akamwambia huku akitazama pembeni: Mbithe alipeleka mtungi wa zamu yao asubuhi, kilima kikavuta mtungi, na mtungi ulikuwa bado umefungwa mgongoni. Zimwi liliuliza huyu ni wa nani. Chifu akajibu.

"Akajibu nini?"

"Unajua alichojibu."

Nthenya hakulia. Alivaa viatu tena.

Asubuhi yake kulikuwa na sherehe pale Kavonge. Waheshimiwa wangekuja na kamera kubwa kubwa, na kwa kuwa kisima kilikuwa kimebaki tope, Chifu Kilungya alikuwa ameagiza lori la maji kutoka mbali. Lori limesimama pale, dereva kijana yuko kwenye usukani, anakula ndizi. Nthenya akamfuata chifu, akamwambia anamtaka mama yake.

Chifu alizungumza naye kwa upole, ule upole wa ofisini. Alisema Mbithe amejitolea kwa ajili ya jamii, atakumbukwa, labda hata mtaro mmoja utapewa jina lake. Halafu akamwambia, "Binti yangu, wewe umesoma. Hebu elewa pikcha kubwa."

"Mimi si binti yako," Nthenya akasema. "Mimi ni binti wa Mbithe. Ndiyo maana nimekuja."

Akapita chini ya utepe, akapanda barabara peke yake, mpaka pale lami inapopasuka na hewa inapoingia ndani ikipiga mluzi. Sketi ikavutwa mbele. Akapiga magoti, akashikilia ukingo wa mfereji kwa mkono mmoja.

"Namtaka mama yangu, Mbithe. Sikukupa."

"Nilipewa," zimwi likasema.

"Aliyekupa hakuwa na haki. Namtaka mama yangu, Mbithe. Sikukupa."

Chifu akaona waheshimiwa wanashuka kwenye magari. Akafungua kipaza sauti hadi mwisho. "Wa kijiji! Wa kijiji! Wa kijiji!" Kilima kizima kikavuma. Sauti ya Nthenya ikafunikwa, zimwi halikusikia kitu, likavuta. Miguu yake ikaingia kwenye ufa, kisha magoti, kisha kiuno. Simu zote zilikuwa juu zikirekodi. Hakuna mkono hata mmoja ulionyooshwa.

Lori nalo likaanza kwenda. Breki zimekazwa, matairi yanalia, linapanda. "Lori hili ni la nani?" Chifu alikuwa hasikii hata swali, anaimba tu wa kijiji, wa kijiji. Ufa ukapanuka upande wa pili, lori likaingia, pamoja na dereva na ganda lake la ndizi.

Hapo Kasiva akatema mate. Akashika kile kipaza sauti kwa mikono miwili, akakivuta mpaka waya ukakatika, akakitupa mtaroni. 

"Mbithe ni mwenzangu," Kasiva akasema. "Tunalima pamoja kwenye kikundi. Sijamtoa."

Mwanamke mwingine akasema, "Mbithe ni shemeji yangu. Sijamtoa."

Muthengi akajikohoza. "Mbithe ni jirani yangu. Na fahali ni wangu. Na mtungi ule wa kijani ni wa mke wangu."

Basi wakaanza wote, kila mtu na lake, wanasukumana: mtungi wangu, maji ya watoto wangu, kofia yangu, jirani yangu, rafiki yangu. Zimwi likasema nilipewa. Wakasema hatukutoa. Likasema nilipewa. Wakasema hatukutoa. Likasema nilipewa, lakini sauti imekwisha kukwama.

Nthenya, bado yumo kwenye ufa, maji yakiwa kifuani, akasema jambo moja tu. "Mwaitu, njoo twende nyumbani." Mwaitu ndivyo wanavyomwita mama kule kwao.

Zimwi likakohoa. Lami ikafunguka, ikamwachia Nthenya, maji yakatoka na safari hii yakateremka, mitungi ikateremka, fahali akateremka kwa makalio. Na juu ya hayo yote Mbithe, mukwa bado iko kwenye paji la uso, anauliza nani amechukua kandambili yake. Nthenya alimshika, akakataa kumwachia hata walipofika chini. Lori likatoka la mwisho, limelala ubavu, mwenye lori, aliyekuja na waheshimiwa, akalidai kwa sauti ya juu sana.

Usukani ulikuwa mtupu.

Mbithe akamgeukia chifu. Alisema mle ndani palikuwa na kijana, alimshika mkono kwenye giza, lakini kwa ngurumo za tumbo lile hakusikia jina lake. Akamwambia amwite kwa jina.

Chifu akamtazama mwenye lori. Mwenye lori akatazama viatu vyake. Alisema ni vijana wa kibarua tu, wanakuja, wanaenda.

"Dereva," chifu akaita kwenye ufa. "Wewe, dereva."

"Dereva ni kazi, si mtu," zimwi likasema. "Huyu ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu. Ufa ukajifunga. Na mpaka leo ukimwaga maji pale, yanapanda, na watu wanasimamisha magari wanapiga picha.

Yangu imekomea hapo, anayetaka kuongeza aongeze. Funzo lake si la kutafuta kwa tochi: mtu akisema kitu ni cha wote, muulize kwanza ni nani kati ya hao wote aliyekubali kitolewe.

Na nyinyi mliompa yule kijana funguo za lori bila kumuuliza anaitwa nani: kwao kupo, mama anaye. Nendeni mkaulize jina lake, mrudi Kavonge, mpige magoti kwenye lami, mlitamke. Leo.