Nyumba Moja ya Mtaa wa Stesheni

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Anayetaka kubisha abishe mwishoni, maana mwishoni nitawauliza jambo na wala sitawasaidia kulijibu. Hadithi yenyewe ni ya watu watatu wa mji wa bara uitwao Isangala, mji uliokuwa stesheni kubwa enzi za treni na baadaye haukuwa kitu. Msiutafute kwenye ramani, mtajichosha bure.

Wa kwanza ni Nyamizi, na huyu ndiye nitakayemfuata zaidi. Nyamizi alijaliwa maneno, ila maneno yake yalizaliwa na aibu. Zamani Isangala ilipigwa na kipindupindu, watu wakafa, mji ukafungwa, na redio zikawa zinautaja asubuhi na jioni. Ugonjwa uliisha, jina likabaki. Mtu wa Isangala akifika mji wa watu aliulizwa kama amenawa mikono, watu wakacheka. Chuoni Nyamizi aliitwa Karantini, mpaka akazoea kusema kwamba kwao ni wilaya ya jirani. Siku aliyojisikia akikana kwao mbele ya darasa zima alirudi bwenini akalia, kisha akachukua kalamu.

Wa pili ni Hamduni, fundi wa redio na simu, na yeye alijaliwa jicho. Alikuwa na simu yenye ufa kwenye kioo, basi. Lakini ukuta ambao mimi na wewe tungeupita bila kugeuza shingo, Hamduni angekaa mbele yake akisubiri jua lifike panapotakiwa, ndipo apige picha. Ukiiona hiyo picha unajiuliza ulikuwa unatazama nini miaka yote.

Wa tatu ni Siwema, msusi, na yeye alijaliwa sikio. Mwanamke akishakaa kwenye mkeka wa Siwema, kichwa kikiwa nusu kimesukwa na nusu hakijasukwa, hana pa kwenda, kwa hiyo husema. Siwema alizijua habari za mji mzima, na hakuna aliyewahi kumsikia akizitembeza ovyo. Ndiyo maana akipita mtaani akiomba jambo, watu humwitikia.

Wote watatu walikaa Mtaa wa Stesheni, kwenye safu ya nyumba za matofali mekundu zenye matao na vigae, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Nyumba ni mali ya halmashauri, ambayo ofisi zake ziko mji mwingine na ilishaacha kudai kodi, na wapangaji walirithiana, baba akamwachia mtoto, na mtoto akamwachia wake. Hapo ndipo walipoanzisha blogu yao, wakaiita Jamvi la Isangala. Nia yao ilikuwa moja tu: siku moja mtu aseme anatoka Isangala bila kuinamisha kichwa.

Siwema alileta habari. Yeye ndiye aliyejua familia inayooka mikate kwenye tanuri la udongo tangu wakati wa treni, na ukoo unaorina asali bila kuwaunguza nyuki, na bibi aliyewapikia abiria wali wakamwita mama nchi nzima. Bila Siwema, wenzake wangezunguka mji wakirudi mikono mitupu.

Hamduni alileta picha. Ile mikate ilitamaniwa na watu ambao hawajawahi kufika bara. Ile asali ilionekana ikichuruzika, na matao ya Mtaa wa Stesheni yakang'aa kama yamejengwa jana. Bila Hamduni, nani angeamini kwamba huu ni mji ule ule wa Karantini?

Nyamizi ndiye aliyeandika. Aliandika msomaji akacheka, akaandika msomaji akatafuta nauli. Bila yeye, habari zingebaki kibarazani na picha zingebaki ndani ya simu iliyopasuka.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Watu wa Isangala waliumwa aibu kuliko walivyowahi kuumwa tumbo. Hakuna aliyetaka kuonekana pichani na ndoo, wala na jiko la mkaa, wala na kanga iliyoanikwa, wakihofia kuchekwa tena. Basi kila siku ya kupiga picha za mtaa, Siwema alipita mlango kwa mlango akiwaomba majirani waanue nguo, waingize ndoo ndani, wajifungie kidogo. Wakafanya, maana aliyeomba ni Siwema. Hamduni alisubiri mpaka asibaki hata kuku, ndipo akapiga. Na chini ya picha Nyamizi akaandika kwamba huu ni mtaa ulionyamaza, unaomngoja wa kuuamsha. Walioishi humo waliisoma wakafurahi, wakawatumia ndugu zao.

Basi jina la mji likageuka. Wageni wakaanza kuja. Vijana wakavaa fulana zenye neno Isangala kifuani. Mwanafunzi mmoja aliyeko mbali alimwandikia Nyamizi kwamba ameulizwa kwao ni wapi akajibu kwa sauti kubwa, na Nyamizi aliusoma ujumbe huo mara nyingi huku machozi yakimtoka. Ilikuwa furaha ya kweli, nisiwadanganye. Haikudumu.

Alikuja Bwana Luhende, afisa utalii wa halmashauri, mtu mpole mwenye kusalimia kila mtu. Akawaita wale watatu akawaeleza kwamba Mtaa wa Stesheni utageuzwa hoteli na maduka ya wageni. Wapangaji wote watapewa viwanja Mbugani, kule nje ya mji ambako masika maji huingia hadi kitandani. Nyamizi akamuuliza mbona hawakuulizwa.

"Dada yangu, kikao kizima tulizipitia picha zenu," Luhende akasema, na wala hakusema kwa ubaya. "Hatukuona mtu hata mmoja. Tulijua nyumba ni tupu, labda na walinzi wawili watatu. Tumekuja kugundua juzi, na mkataba umeshasainiwa."

Nyamizi aliaga, akaenda kuandika kwenye Jamvi kwamba mtaa una watu, na Hamduni akaweka picha za ndoo, majiko, watoto na kanga zikipepea. Mnadhani walipata watetezi? Walitukanwa. Na waliowatukana si wageni, ni watu wa Isangala wenyewe, wale wale wenye fulana. Waliwaambia wasiwachafulie mji, kwamba wameanza tena mambo ya Karantini. Hata yule mwanafunzi wa mbali aliandika, akamsihi Nyamizi azifute hizo picha.

Luhende akarudi na neno jingine. Halmashauri inawashukuru wenye Jamvi, hivyo imemwomba mwekezaji wa hoteli nyumba moja isiguswe, ile anayokaa sasa mwenye blogu, apewe akae yeye na wazao wake. Nyumba ni moja, na jina kwenye hati ni moja. Najua mnachotaka kusema: si wakae wote watatu? Nyamizi alilisema hilo kabla yenu. Luhende akajibu kwamba mwekezaji atakubali mtu na watu wa nyumba yake tu, na kwamba jina lisipopatikana kufikia Ijumaa, nyumba hiyo nayo inaingia kwenye hoteli.

Wakakaa kibarazani kwa Siwema, marafiki wa tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza wakawa wanachagua maneno ya kuambiana.

Siwema alikuwa akilea watoto wa marehemu dada yake kwa kazi ya kibaraza kile. Mbugani hakuna wapitaji, na hao majirani watakaohamia huko walishaacha kumletea vichwa vyao, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaomba wajifungie. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa tangu habari ienee.

Hamduni alikuwa na mama mtu mzima. Kaka yake Hamduni alikwenda machimboni zamani, hana simu, hana barua, hajulikani kama yu hai. Mama huyo kila jioni huweka sahani ya ziada, akisema mwanawe akirudi ataujia mlango huu huu, hajui mwingine. Hamduni aliwauliza wenzake amwambieje.

Nyamizi alikuwa na baba yake, Mzee Masesa, aliyekuwa mfanyakazi wa reli na sasa haoni kabisa. Ndani ya nyumba yao alitembea kama mwenye macho. Alijichotea maji, alijichemshia chai, alikwenda msalani bila kushikwa mkono. Mpeleke kwingine, atakaa kwenye kona akisubiri kusaidiwa mpaka siku yake ifike. Nyamizi alikuwa amejikaza asililie jambo hilo mbele yake, lakini mzee alilisikia kwenye sauti.

"Mwanangu," alimwambia, "usiende kulitaja jina letu kwa kunihurumia. Ila na wewe usinidanganye kwamba huko Mbugani nitazoea. Sitazoea."

Ijumaa ikafika, wala hawajakubaliana. Hamduni akamwambia Nyamizi kwamba kama ni maneno, mwenye maneno ni yeye, basi akaseme jina lolote na wao watanyamaza. Siwema akaitikia kwa kichwa huku ameangalia chini. Nyamizi akatoka nje. Mtaa mzima ulikuwa ukifunga mizigo, magodoro yakitolewa, vitanda vikifunguliwa, na hakuna aliyemsalimu. Luhende alikuwa amesimama kivulini, kalamu mkononi.

Ndipo akapita Mama Ngoso, jirani wa ukuta kwa ukuta, sufuria zake zikiwa kwenye beseni kichwani. Akasimama.

"Nyamizi, mwanangu, umekulia mikononi mwangu. Mlituambia tujifiche mji upendeze, tukajificha. Ukapendeza. Na sisi tumo kwenye hayo majina yako?"

Hakungoja jibu, aliendelea na safari yake. Luhende akatazama saa, akamwomba Nyamizi aseme, maana adhana ilikuwa karibu.

Nami ndipo ninapoishia. Siwema alileta habari, Hamduni akaleta picha, Nyamizi akaleta maneno, na Mama Ngoso na wenzake wakafunga milango. Ukimtoa mmoja wao, Isangala ingekuwa Karantini mpaka leo, na mtaa ungekuwa na watu wake. Haya, kalamu ya Luhende iko juu ya karatasi, nyumba ni moja. Wewe uliyenisikiliza, ungetaja jina la nani? Na ukishalitaja, waliobaki ungewaambia nini?